Zimeni Taa za Nje Mkilala

Ndugu zangu,

Video mliyonitumia kutoka kambini imenikera, na nawaambia wazi kwa sababu nawapenda. Mahema yamepangwa vizuri, nyama iko motoni, watoto wanacheka, yote ya kupendeza. Lakini zile taa! Mkanda wa taa za rangi umezungushwa kwenye miti, taa mbili kubwa za sola zimeelekezwa nje, na mmoja wenu anatamba kwamba ziliwaka mpaka alfajiri. Pembeni linaonekana hema la watu wengine, limemulikwa mpaka likawa kama kandili. Kuna mtu alikuwa anatafuta usingizi mle ndani.

Huku Pennsylvania ninakoishi, kulala kambini ni mapumziko ya watu wa kawaida: walimu, mafundi, wastaafu, wazazi wenye watoto wadogo. Kila familia hupewa kiwanja chenye namba, meza ya mbao na duara la chuma la kukokea moto, na kutoka kwako hadi kwa jirani ni hatua chache tu. Kelele zina sheria. Katika hifadhi za taifa za Marekani, kanuni za serikali zinakataza kelele zilizopita kiasi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mwanga, katika kambi nyingi, umeachiwa adabu. Na adabu yenyewe ni fupi: ukiingia kulala, zima taa ya nje. Hata mnapokuwa bado mko nje mnapiga soga, taa iwe hafifu, itazame chini, isivuke mpaka wa kiwanja chenu.

Wanaoivunja adabu hiyo mara nyingi ni wenye magari ya kulala, yale makubwa yenye kitanda, jiko na choo humo humo. Ubavuni yana kipenu cha turubai, na chini ya kipenu kuna taa. Mwenye gari anafunga mlango, anashusha pazia, analala gizani raha mustarehe. Taa yake inabaki kuwaangazia walio kwenye mahema, ambao kinga yao ni kitambaa chepesi tu. Kiini cha jambo lote ni hapo. Aliyeiwasha taa haioni. Anayeiona ni asiyeiwasha, na swichi haiko mikononi mwake.

Kinachonifurahisha ni jinsi watu wa huku wanavyolimaliza jambo hili. Hawangoji hasira ziive. Mtu anakwenda kwa jirani jioni mapema, kabla watu hawajalala, anasalimia, anasifia mbwa, kisha anaomba: mkiingia ndani mtatuzimia ile ya nje? Mara nyingi jibu ni samahani, na taa inazimwa usiku ule ule. Wakikataa, kambi nyingi zina mtu wa kujitolea anayeishi hapo msimu mzima, naye ndiye anayekwenda kuzungumza nao. Sijasikia hata mmoja akijitetea kwamba kiwanja amekilipia na umeme uko kwenye bei, ingawa ni kweli amelipia.

Kwetu utetezi huo ndio wa kwanza. Umeme ni wangu, LUKU nanunua mwenyewe! Mtu anajenga ukuta, juu yake anapachika taa nne kali, zote zinatazama nje, moja inaingia moja kwa moja kwenye chumba cha mama mjane wa nyumba ya pili. Mwenye taa amelala nyuma ya mapazia mazito. Mama yule anatundika khanga mbili dirishani na hasemi kitu, maana kulalamikia mwanga kutaonekana kuwa ni kijicho. Tumekua tukiamini kwamba taa ni maendeleo na giza ni umaskini, kwa hiyo anayeomba taa izimwe anahesabiwa kuwa anapinga maendeleo. Jamani, umeme unaulipia wewe. Usiku wa jirani hukuununua.

Mkitaka kujua thamani ya giza, njooni Cherry Springs. Ni hifadhi ndogo ya jimbo hili, juu ya mwinuko wa mita mia saba hivi, imezungukwa na msitu mkubwa wa Susquehannock, na miji ya karibu imejificha mabondeni. Mwaka 2008 ilitambuliwa kimataifa kuwa hifadhi ya anga la giza, mwaka mmoja baada ya Natural Bridges ya kule Utah, iliyokuwa ya kwanza duniani. Kutoka Philadelphia ni mwendo wa zaidi ya saa nne kwa gari, na watu wanauendesha, kisha wanalipa, ili wakae gizani. Kwenye uwanja wa kutazamia nyota taa nyeupe hairuhusiwi. Tochi zinavishwa karatasi nyekundu, na hata taa ya ndani ya gari inayowaka mlango ukifunguliwa inazibwa kabla ya machweo. Sababu ni ya kimaumbile: jicho huchukua kama nusu saa kulizoea giza sawasawa, na mmuliko mmoja wa simu unalirudisha mwanzo. Mwanga mwekundu hafifu haulisumbui sana.

Nikiwa pale niliiona Njia Nyeupe imetanda kutoka upeo hadi upeo, nikawakumbuka nyinyi kwa uchungu. Bibi zetu walioshika jembe kwa kutazama Kilimia hawakulipa kiingilio. Manahodha waliovuka bahari kwa nyota hawakulipa. Na Msalaba wa Kusini, ambao kwenu unaonekana hata uani, huku Pennsylvania hauchomozi kabisa, mwaka mzima. Mmerithi anga ambalo wenzenu wanalisafiria, nanyi mnalifuta kwa taa za sola.

Wala si nyota peke yake. Nani anayejua nguvu ya taa kwa viumbe kuliko wavuvi wetu wa dagaa? Wanatoka na karabai usiku usio na mwezi, kwa kuwa katika giza samaki huijia taa. Mwezi ukipevuka, wengi wanapumzika. Basi taa inayoachwa ikiwaka kambini inavuta wadudu usiku kucha, na wadudu wanawavuta wanaowala. Ufukweni madhara ni makubwa zaidi. Kasa wachanga wakianguliwa usiku huelekea upande wenye mwanga, na kwa maumbile yao upande huo ni bahari. Hoteli ikiwa na taa kali nyuma yao, wanageuka na kupanda nchi kavu, na huko wanakufa kwa kukauka au kuliwa. Ndiyo maana wilaya na miji mingi ya pwani ya Florida ina sheria ndogo za kuzima au kuziba taa zinazoelekea ufukweni msimu wa kasa. Kasa wanataga Juani kule Mafia, na wanataga Watamu. Fukwe zetu hizo zinastahili ulinzi ule ule.

Najua mtaniuliza habari za wezi, na hofu hiyo siidharau. Lakini taa kali inayokupiga usoni inakupofusha. Unaiona balbu, humwoni aliyesimama nyuma yake. Kwa nyumbani, wekeni taa ya sensa inayowaka mtu akipita, yenye kofia inayosukuma mwanga chini getini. Mkinunua balbu Kariakoo, tazameni kwenye boksi namba yenye herufi K mwishoni. Zile za 6500K ni nyeupe kali zenye ubluu. Za nje tafuteni za 3000K au chini ya hapo. Chama cha Madaktari cha Marekani kilitoa ushauri wa kiwango hicho hicho kwa taa za barabarani mwaka 2016, kikieleza madhara ya mwanga mkali wa usiku kwa usingizi wa watu. Kambini, mikanda ya taa muizime mkimaliza kula. Kila mtu awe na tochi yake, ya kichwani ikiwezekana, na aiinamishe anapozungumza na mwenzake. Gari lisirudi kambini usiku wa manane na taa kubwa zikifagia mahema ya watu. Hifadhini tochi ni lazima unapokwenda msalani, na umulike pande zote kabla ya kutoka. Hilo silipingi hata kidogo. Na msitegemee taa kumzuia fisi. Fisi anafuata mifupa na masufuria machafu, kwa hiyo chakula kifungieni ndani ya gari.

Namibia wameshatutangulia. Hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya anga la giza, na wageni wanaifuata kwa ajili ya nyota zake. Sisi tuna Ruaha, tuna Nyerere, tuna nyika ambako usiku bado ni usiku. Ninachowaomba wenye kambi na wasimamizi wa hifadhi hakina gharama. Kwenye ubao wa masharti pale getini, chini ya sharti la muziki, ongezeni jingine: taa za nje zizimwe saa nne usiku. Kisha mlinzi apite kuhakikisha.