Telefone ya mama na vita vya mchezo

Mwaka 2024, katika kambi ya Bulengo pembeni ya mji wa Goma, mama mmoja aliyekimbia Masisi alikuwa na telefone ya kioo kilichopasuka. Kila siku mbili aliipeleka kwa kijana mwenye paneli ya jua, akalipa franka 500, akakaa chini kuingojea. Hakuiacha pale peke yake. Majirani walimcheka kidogo, maana ni nani angeiba kitu kibovu namna ile?

Telefone hiyo alipewa na mtoto wake wa kwanza, kabla huyo hajafuata vijana wenye kubeba silaha katika mwaka 2023. Alisema atapiga. Alipiga mara mbili tu, na mara zote mbili kwa namba nyingine. Kwa hiyo mama hakuwa na njia ya kumtafuta. Njia ilikuwa moja: telefone iwe na moto usiku na mchana, na yeye awe karibu nayo.

Mtoto wa pili alikuwa na miaka 13. Alibeba bidoni za maji za watu, akapata franka 100 hapa, 200 pale, akanunua mega. Usiku mama akilala, yeye aliichukua telefone akatoka nje ya hema na wenzake watatu, wakacheza Free Fire. Ni mchezo ambao watu 50 wanarushwa na parashuti kwenye kisiwa, kila mmoja anatafuta bunduki, na anayebaki mzima mwisho ndiye mshindi. Asubuhi moja mama aliamka, akakuta telefone imezima. Alimpiga kofi. Mtoto akalia, akasema: "Mama, mimi nacheza tu. Aliye kwenye vita ni yaya." Neno hilo lilimkata mama kuliko hasara ya betri.

Siku hiyo watu waligombana penye kuchaji telefone. Mzee mmoja alisema michezo ile ndiyo inafundisha watoto uaskari. Kijana wa paneli akakataa: hakuna mtu aliyeingia porini juu ya mchezo, watu wanaingia juu ya njaa na kisasi. Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Wakadogo waliofuata AFDL ya Laurent-Désiré Kabila mwaka 1996 hawakuwahi kugusa kompyuta. Nguo, viatu na ahadi ya mshahara vilitosha. Lakini mzee hakuwa anaota. Iko nchi ambayo jeshi lake lilifanya kitu hicho kweli, mbele ya watu wote.

Ni Marekani. Tarehe 4 Julai 2002, siku ya sikukuu yao ya uhuru, jeshi la nchi kavu lilitoa mchezo wa kompyuta unaoitwa America's Army. Ulikuwa wa bure. Wazo lilitoka kwa Kanali Casey Wardynski, na kazi ikafanyiwa kwenye shule ya jeshi la majini huko Monterey, California. Hawakuficha nia yao: vijana waonje uaskari, halafu wenye kuupenda waje waandikishwe.

Werevu wao ulikuwa katika mambo madogo. Mtu akitaka kuwa mganga wa kikosi, ilibidi kwanza aketi darasani ndani ya mchezo, asikilize somo, afanye mtihani. Akipiga risasi wenzake, alijikuta katika chumba cha jela. Damu waliipunguza ili watoto wa miaka 13 waruhusiwe kucheza. Na kila upande ulijiona ni askari wa Marekani. Wewe ulimwona mpinzani wako kama adui, naye alikuona wewe kama adui, huku kila mmoja akijiona amevaa nguo za jeshi la nchi yake. Hakuna aliyelazimika kuwa mtu mbaya. Mtu wa Masisi anaelewa haraka jambo hilo, maana hata huku kila kundi linasema ndilo linalolinda raia.

Mwaka 2008 jeshi lilienda mbali zaidi. Lilifungua ukumbi katika soko kubwa la Philadelphia, vijana wakiingia kucheza vita bure, na waandikishaji wakiwa hapohapo. Watu walifanya maandamano, na mwaka 2010 ukumbi ukafungwa. Mchezo wenyewe uliendelea hadi 2022.

Ndani ya mchezo huohuo aliingia mtu mmoja asiyepiga risasi. Joseph DeLappe alikuwa mwalimu wa sanaa kwenye chuo kikuu cha Nevada, mjini Reno. Kuanzia Machi 2006 alijiunga na vita vile kwa jina la dead-in-iraq, maana yake aliyekufa Iraki. Aliweka bunduki chini, akaanza kuandika mahali ambapo wachezaji wote wanasoma: jina la askari wa Marekani aliyeuawa Iraki, umri wake, kikosi chake, siku aliyokufa. Halafu jina lingine. Wachezaji walimpiga risasi. Walimtukana, wengine wakapiga kura afukuzwe. Yeye akiisha kuuawa aliendelea kuandika juu ya maiti yake mpaka mchezo uanze upya. Alifanya hivyo kwa miaka, hadi Marekani ilipotoa jeshi lake Iraki mwisho wa 2011. Majina yalipita 4,000.

Kijana wa paneli, ambaye alikuwa amesoma habari hizo kwenye telefone yake, ndiye aliyemsimulia mama. Mama aliuliza swali moja: "Majina aliyatoa wapi?" Kijana akajibu kwamba serikali yao inayatangaza. Mama akanyamaza. Kijijini kwake watu waliokufa wanajulikana kwa wale waliowazika tu, na waliowazika wametawanyika, wengine Minova, wengine Uganda.

Habari ya mchezo wa Darfur ilimgusa kwa namna nyingine. Mwaka 2006 wanafunzi wa chuo kikuu cha Southern California, wakiongozwa na Susana Ruiz, walitoa Darfur is Dying ili Wamarekani wajali vita vya Sudani. Mchezaji anachagua mtu mmoja wa familia iliyokimbia, aende kuchota maji mbali na kambi. Ukimchagua baba, mchezo unakukatalia: mwanaume mzima akitoka, Janjawidi watamuua. Basi unamtuma mtoto, au mama. Anakimbia, anajificha nyuma ya kichaka. Akikamatwa, unaambiwa yaliyompata, halafu unatakiwa kuchagua mwingine.

"Hao walituona," mama alisema. Huko Bulengo hesabu ilikuwa hiyohiyo, ila kwa kuni. Baba akienda kwenye pori la Virunga anaweza kuuawa au kushikwa abebe mizigo ya askari. Mama akienda anaweza kubakwa. Basi wanaenda wamama, maana mwenye kubakwa anarudi. Hesabu hiyo walikuwa wakiifanya kila asubuhi, na Médecins Sans Frontières waliwatibu wengi waliorudi hivyo.

Lakini si kila mchezo wa kutetea watu ulimpendeza. Septemba 2011 Paolo Pedercini, Mwitalia anayetengeneza michezo kwa jina la Molleindustria, alitoa Phone Story, mchezo wa telefone unaoonyesha telefone zinatoka wapi. Unaanzia Kongo. Watoto wanachimba koltani, na mchezaji anawaendesha askari: mtoto akipumzika, unamsogezea askari amfokee arudi kazini. Usipofanya hivyo, unashindwa. Baadaye unafika China, ambako wafanyakazi wanajirusha kutoka juu ya kiwanda. Apple waliuondoa kwenye duka lao siku uleule uliotangazwa, na kuondolewa huko kukaufanya ujulikane zaidi.

Kijana alimwonyesha picha zake. Mume wa mama huyu alichimba Rubaya miaka mingi, kabla M23 hawajaishika sehemu hiyo mwaka 2024. Aliangalia kwa muda, akasema siyo hivyo. Askari walikuwepo, ndiyo, na walikula kodi. Lakini hakuna aliyesimama nyuma ya mume wake na bunduki. Alienda mwenyewe, kwa sababu koltani ililipa karo ya shule kuliko maharagwe. Mchezo ule ulitaka mnunuzi wa Ulaya aone aibu, na huenda ulifaulu. Mchimbaji mwenyewe hakuonekana mle, ila mgongo wake tu.

Matangazo nayo yamo, na hayo mtoto aliyajua kuliko mtu yeyote. Kule Goma, penye kulipia mchezo wa mpira, alipenda kuchagua Arsenal. Timu za mle zinavaa jezi zinazofanana na za uwanjani, na kwa miaka mingi, tangu 2018, jezi ya Arsenal ilikuwa na maneno ya kualika watalii Rwanda. Februari 2025, baada ya Goma kuanguka, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliwaandikia Arsenal, Bayern na PSG wavunje mikataba hiyo. Mtoto aliposikia aliuliza kama sasa ni kosa kuwachezesha. Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwezi uleule kambi zilivunjwa, na wao wakapata chumba cha kupanga kwa mtu wa ukoo, mjini.

Hapo umeme unakuja na kukatika. Mama hakumkataza mtoto kucheza. Walipatana hivi: acheze mpira au vita, yote sawa, lakini betri ikifika nusu anazima. Usiku wa kwanza alizidisha. Usiku wa pili alizima, akaja kuilaza telefone karibu na kichwa cha mama, uso juu, sauti imefunguliwa. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kama yaya akipiga, naye ataruhusiwa kuzungumza.

"Utaanza wewe," mama alimwambia. "Mimi nitalia, nitamaliza mega zake."