Nazi Kwenda Puge

Kutoka Nzega hadi Tabora mjini ni kilomita kama 115 za lami, na Puge imekaa karibu nusu ya njia. Abiria wengi huipita wakiwa wamesinzia. Nami ningeipita hivyohivyo kama nisingeolewa na mtu wa huko, na kama wifi yangu mdogo asingepanga harusi yake mwezi wa nane, mavuno yakiwa ndani. Ujumbe wa mama mkwe ulikuja kwa simu ya mume wangu, mfupi: mwenzetu wa pwani ashughulikie vitafunwa.

Mzaramo akisikia bara, hufungasha kama anayehamia jangwani. Nilitia kwenye kiroba nazi, samli, hiliki, hamira, vanila, chekecheke na makopo ya kukatia vileja. Mume wangu alikuwa na kazi, angefuata siku ya harusi yenyewe, kwa hiyo mzigo ulikuwa wangu peke yangu kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa treni ya umeme hadi Dodoma. Treni hiyo ilianza kubeba abiria mpaka Dodoma Julai 2024, na sifa zake zimekwisha semwa na kila mtu. Mimi niliipendea kwamba nazi hazikugongana. Mwaka 1857 wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walianzia Kaole, hatua chache kutoka kwetu, mwezi wa Juni, wakafika Kaze, Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Mizigo yao mingi ilikuwa vichwani na mabegani mwa watu.

Kutoka Dodoma ni basi. Manyoni, Singida, kisha mteremko wa Sekenke ambapo hata wazungumzaji hunyamaza, halafu bonde la Wembere lililonyooka mpaka macho yanachoka. Hapo ndipo nilipopata muda wa kuufikiria ukurasa mmoja wa kitabu cha Stanley kuhusu safari yake ya kumtafuta Livingstone. Alipofika Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, Juni 1871, hata hajatulia katika nyumba yake ya Kwihara, liwali Said bin Salim alimpelekea masinia: wali na mchuzi wa kuku, mikate mikubwa ya ngano, sahani ya vitu vitamu vya kukaanga vilivyokuwa bado vinatoa moshi, mapapai, komamanga na malimau. Wengine husoma hapo wakamwonea wivu mgeni. Mimi humfikiria aliyekuwa jikoni. Waliobeba masinia walikuwa watumwa, na sidhani kama aliyekaanga alikuwa mtu huru. Jina lake hakuna aliyejishughulisha kuliandika, ingawa majina ya waliokula tunayo. Jambo jingine lililonikaa ni ngano. Haikuletwa na msafara. Waarabu wa Unyanyembe walikuwa wakilima yao palepale.

Nzega nikabadili gari. Kufika Puge jua lilikuwa limeanza kulegea, miembe imejaa maua, na bodaboda aliyenichukua barabarani aliuliza nimebeba mawe. Uani nikapiga goti, nikampa mama mkwe shikamoo. "Marahaba mwanangu, pole na njia." Pembeni yake alikaa mzee jirani, rafiki wa marehemu baba mkwe, ambaye hakusubiri nipewe hata maji.

"Mzaramo, hizo nazi umebeba mwenyewe?"

"Mwenyewe, babu."

"Basi leo dunia imekuwa sawa. Babu zangu walibeba pembe hadi kwenu, hakuna aliyewaambia pole."

Uani kote wakacheka, nami nikamjibu kwamba babu zake walilipwa kaniki, mimi sijalipwa hata chai. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulianzia kwenye njia hiyo ya misafara, na kwa mwanamke aliyeolewa ugenini ni msaada mkubwa: kabla ya kukaa nilikuwa nimeshatukanwa, kwa hiyo nilikuwa mtu wa nyumbani.

Asubuhi mama mkwe alikifungua kiroba, akazipanga nazi chini moja moja, akazitazama. "Hizi zitatosha wazee," akasema. "Hao wengine tutawatilia karanga."

Nilikuwa nimekusudia mkate wa kumimina. Kwetu mchele hulowekwa usiku, ukasagwa na tui zito la nazi, hamira, sukari na hiliki, ukaachwa uumuke, halafu ukamiminwa kwenye sufuria lenye samli ya moto na kupaliwa makaa juu ya mfuniko. Tui ndilo linaloufanya uwe laini na mweupe. Kuambiwa uweke karanga badala yake ni kama kuambiwa uswali bila udhu. Lakini mtu haanzi ubishi na mama mkwe siku ya kwanza, na shangazi mmoja wa mume wangu alikwisha kaa kwenye kigoda, kinu mbele yake.

Karanga zilikuwa mpya, bado zina unyevu. Alizitoa maganda, akazitwanga mbichi mpaka zikaanza kutoa mafuta, akakoroga na maji ya vuguvugu, akachuja kwa kitambaa. Kilichotoka kilifanana na maziwa, ila ukikionja kilikuwa na ule ubichi wa kunde. Shangazi akakibandika jikoni, akakichemsha akikoroga mpaka povu likaisha na harufu ikageuka. Kisha akasubiri kipoe kabisa. Hilo la kusubiri ndilo lenye ufundi: tui la moto likikutana na hamira, hamira inakufa, na mkate hauinuki hata ukiuombea. Mchele nao ulikuwa na tabia zake. Mchele mpya, uliotoka mbugani msimu uleule, haunywi maji kama uliokaa ghalani. Tulipunguza tui mara ya kwanza, tukapunguza tena. Kwa harufu, mchele ule hauhitaji hiliki. Niliitia hata hivyo, kwa heshima ya nyumbani.

Kuhusu moto, sina budi kukaa kidogo. Hakuna tanuri pale, wala hakuna aliyeliulizia. Kuna mafiga, jiko la mkaa, sufuria kubwa lililotandikwa mchanga kwa ajili ya keki, na bati la kuwekea makaa juu. Mkaa wa huko unatoka kwenye miti migumu ya miyombo, ni mkali. Moto wa chini unatakiwa mdogo, wa juu mwingi, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine. Kazi hiyo alipewa binti wa miaka kama kumi na mbili, mtoto wa shemeji, ambaye alikuwa na kijiti cha kuhamishia makaa na hakuwa na saa. Alikuwa akiinama, ananusa pembeni mwa bati, anasema "bado," au anapunguza makaa mawili. Nilipomuuliza amejuaje, alinitazama kama mtu aliyeulizwa amejuaje kupumua. Huku kwetu wanaojifunza kuoka siku hizi wanataka kwanza tanuri la umeme. Nadhani wangeanza na kijiti kile.

Mkate wa karanga ulitoka wenye rangi ya udongo mwepesi, mzito kidogo, umejaa vitundu. Haukuwa mkate wa kumimina wa Bagamoyo. Niliula nimesimama hapohapo jikoni, nikachukua kipande cha pili.

Kisha visheti. Shira ya sukari ina sheria yake: unaichemsha ikawa nzito, unamwagia visheti, unavigeuza haraka, na inapopoa sukari inaganda na kuvivalisha unga mweupe mkavu. Ndani ya nyumba, kwenye madumu, kulikuwa na asali. Tabora ni nchi ya asali. Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko mjini huko, na mizinga ya magome hutundikwa juu ya miti msituni kama ilivyokuwa tangu zamani. Ile ya nyuki wakubwa ilikuwa nyekundu, yenye moshi kidogo. Ya nyuki wadogo, wasiouma, ilikuwa kwenye chupa ndogo chumbani kwa mama mkwe, na ile ni dawa, haiguswi na wapishi wa harusi. Mawifi walitaka visheti vya asali. Niliwaeleza kwamba asali haigandi kama shira. Inavuta unyevu wa hewani, na visheti vitalegea kabla wageni hawajafika. Tukakubaliana nusu sukari, nusu asali, na kuvitia siku yenyewe ya shughuli. Kashata za karanga zikapikwa kwa asali tupu, ikichemshwa mpaka tone lake likidondoshwa ndani ya maji baridi ligande. Hata hivyo zilibaki za kutafuna, hazivunjiki kwa meno. Watoto walizipenda kwa sababu zinakaa mdomoni muda mrefu. Kwenye keki asali ilitusumbua kidogo tu: inaiva rangi upesi kuliko sukari, kwa hiyo binti wa makaa alipunguza moto wa juu bila kuambiwa.

Keki kubwa yenye ghorofa iliagizwa kutoka mjini, ya kukata na kupigwa picha. Sina la kusema juu yake.

Siku ya harusi chai ilianza kabla jua halijatoka, kwa wachinjaji na wapishi wa wali. Hapo nikaona kitu ambacho hakikuwa kwenye hesabu yangu kabisa. Wanawake wa jirani waliingia mmoja mmoja, "Mwangaluka," kila mmoja na ungo au bakuli: matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa hadi vikakauka, pamoja na karanga za kukaanga. Hakuna aliyeyaagiza. Ukitafuna vipande viwili na chai ya rangi, ni vitamu bila chembe ya sukari, vinavutika, vina ladha ya jua. Wazee walianza na hayo, kisha wakavuta sinia langu.

Niseme ukweli: mkate wa nazi ndio uliokwisha kwanza. Wazee waliuficha chini ya kawa, na yule mtani wangu alidai kwamba kwa umri wake anahesabiwa wawili. Lakini tui la nazi huchacha upesi, na kilichobaki kwenye sufuria jioni kilikuwa kimeanza ukakasi. Mkate wa karanga uliliwa hadi kesho yake, umekauka kidogo, na watu wakauchovya kwenye asali.

Asubuhi hiyo, bibi harusi amekwisha kwenda kwake, tulikaa uani kugawana mabaki na kusugua masufuria. Shangazi alikuwa ameshapanga la mbele. Kuna mjukuu atakayeozwa mwaka kesho, akanipa maagizo: nilete hiliki nyingi, hamira, na makopo ya vileja ya maumbo tofauti, kwa sababu yale ya nyota yaligombewa.

"Na nazi, shangazi?"

"Nazi tutazifuata kwenu."

Hapo mawifi wakaanza kubishana nani atakuja Bagamoyo, na nani abaki na ng'ombe, kabla mvua za Novemba hazijawarudisha shambani.