Hesabu Kabla ya Kuamuru

Kwetu Nyeri, mtoto hujifunza kuchagua kabla hajajifunza kuandika. Msimu mkubwa wa kahawa uanzapo, yapata mwezi wa Oktoba, jamaa wote huingia shambani na vikapu, na jioni mavuno hupelekwa kiwandani. Huko matunda humwagwa juu ya magunia yaliyotandazwa chini, na watu huinama wakatenga mekundu yaliyoiva, mabichi, na yaliyokauka mtini. Kazi hii huumiza mgongo, lakini hakuna athubutuye kuiruka, kwa maana mashine ya kumenya haina macho. Ukiipa tunda jema italimenya, na ukiipa baya italimenya vilevile. Nilipokuwa mtoto nilidhani ya kuwa kazi kubwa ya kiwanda ni ya mashine. Nilipokuwa mtu mzima nilijua, tena kwa aibu, ya kuwa kazi kubwa ni ile ya magunia.

Mwaka 2017 niliajiriwa kwa muda kuwa karani katika chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa, baina ya Nyeri na Karatina. Katika ghala ya chama kulikuwa na makasha ya kadi za wanachama wa zamani. Kila kadi ilikuwa na jina la mkulima, namba yake, hisa zake, na ratili au kilo alizoleta mwaka baada ya mwaka. Paa lilivuja, na kadi nyingine zilikuwa zimeanza kuota ukungu. Mzee aliyekuwa karani mkuu aliniita akaniambia, "Kijana, kadi hizi ni ushahidi wa watu wasioweza tena kujisemea. Zipige picha zote, uziweke katika kompyuta kabla mvua haijazimaliza."

Kompyuta niliyopewa ilikuwa kuukuu, nayo ilitumia Linux. Haikuweza kubeba programu nzito zenye madirisha na mapambo, kwa hiyo nilitumia iitwayo Midnight Commander. Programu hii ilianzishwa mwaka 1994 na Miguel de Icaza, kijana wa Meksiko, kwa mfano wa nyingine ya mwaka 1986 iliyoitwa Norton Commander. Haina picha. Ina maandishi matupu, na orodha mbili za faili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, na chini yake mstari wa kuandikia amri.

Nguvu yake, msomaji, iko katika kutia alama. Ukibonyeza kitufe cha Insert, jina la faili hubadilika rangi likawa la manjano, na kielekezi hushuka kwenye jina linalofuata. Waweza kutia alama jina moja, au kumi, au mia. Kisha huandika amri moja tu, na mahali pa majina huweka alama ya asilimia na herufi s. Programu yenyewe huitoa alama hiyo ikaweka majina yote uliyoyachagua, na amri ikayafikia yote kwa mara moja. Kama hukuchagua hata moja, amri huiangukia ile faili iliyo chini ya kielekezi. Zipo programu nyingine za jamii hii, kama ranger, ambayo hutia alama kwa kitufe kirefu cha nafasi, na mwendo wake ni huo huo: chagua kwanza, amuru baadaye.

Nilipoijua siri hiyo nilijiona jemadari. Kazi ya siku nzima niliimaliza kabla ya chai ya saa nne. Nilibadilisha majina ya picha kwa makundi, nikazipunguza ukubwa kwa makundi, na moyoni nikawacheka makarani wa zamani waliogusa kadi moja moja kwa mkono. Kiburi, kama ukungu wa Mlima Kenya asubuhi, huziba njia kwa upole. Mtu hudhani bado anaona.

Alasiri moja niligundua ya kuwa picha 41 zilikuwa zimelala upande. Nilizitia alama zote, nikaandika amri moja ya kuzigeuza, zikasimama wima. Nilifurahi. Kisha nikakumbuka ya kuwa mwisho kabisa wa orodha kulikuwa na picha moja mbovu iliyoonyesha kidole changu tu. Nilishuka hadi mwisho wa orodha, nikaweka kielekezi juu yake, nikabonyeza kitufe cha kufutia.

Jambo nililolisahau ni hili: alama nilizotia hazikuondoka baada ya amri ya kwanza. Zilikuwa zimebaki huko juu, nje ya upeo wa kioo, zikingoja. Na palipo na alama, amri haitazami kielekezi, huzifuata alama. Programu haikunidanganya. Iliniuliza waziwazi kama nataka kufuta faili 41. Idadi ilikuwa mbele ya macho yangu, lakini mkono wangu ulikwisha zoea kukubali kabla jicho halijasoma. Nilikubali. Kidole changu kilibaki katika orodha, na kadi za wakulima 41 zikatoweka. Faili iliyofutwa hivyo haiendi kwenye kapu la taka ambamo mtu angeweza kuiokota. Nakala ya akiba sikuwa nimeiweka, kwa kuwa nilikusudia kuiweka kazi ikiisha.

Nilikaa kimya kwa muda mrefu. Nikawaza kunyamaza, kwa maana nani angejua? Lakini maneno ya mzee yalinirudia, nikaenda kumweleza. Hakunikemea. Aliniuliza neno moja tu: "Ulihesabu?" Nikajibu, "Hapana, Mzee." Akachukua funguo za ghala, tukaenda pamoja.

Kwa siku mbili tulipekua makasha. Kadi 38 tulizipata, nikazipiga picha upya. Tatu hazikupatikana nzima. Ni zile zilizokuwa zimeoza kwa unyevu, ambazo zilipukutika mikononi mwangu siku ile ile nilipozipiga picha. Picha zile ndizo zilizokuwa zimebaki, nami nilizifuta.

Wiki chache baadaye alikuja bibi mmoja mzee akitembelea mkongojo. Alitaka hisa za marehemu mumewe ziandikwe kwa jina lake. Nilipolitazama jina la mumewe nilihisi baridi mwilini: lilikuwa moja la yale matatu. Nilimwambia kweli yote. "Cucu," nilisema, "kadi ilioza, na picha yake niliifuta mimi kwa kutoangalia." Alinitazama kwa muda, kisha akafungua kikapu chake akatoa mkebe wa majani ya chai. Ndani yake kulikuwa na stakabadhi za kiwandani, moja moja, zilizofungwa kwa uzi kwa miaka yake. "Mwanangu," aliniambia, "mume wangu alikuwa akizihesabu kila mwisho wa msimu. Nami nilimwona anapoteza wakati." Kwa stakabadhi hizo chama kilimtambua, na hisa zikaandikwa kwa jina lake. Wale wawili wengine hakuna aliyekuja kwa ajili yao wakati nilipokuwa pale. Sijui kama watoto wao wana mkebe.

Tangu siku hiyo nimejiwekea kawaida tatu. Kabla ya kuamuru, huisoma idadi ya faili zilizochaguliwa, iandikwayo chini ya orodha, tena huitamka kwa sauti. Pili, huzipa faili hizo kwanza amri isiyodhuru, ile inisomeayo majina yao tu. Nikiridhika na majina, ndipo huandika amri ya kweli mahali pake. Tatu, kazi ikiisha, huziondoa alama zote kabla sijagusa jambo jingine, na nakala huiweka mwanzoni wala si mwishoni. Kawaida hizi hunichukua muda wa kunywa funda moja la chai.

Watu husema kompyuta ni hatari kwa sababu ina haraka. Mimi naona haraka yake si kosa, kama vile nguvu ya mashine ya kumenya si kosa. Amri moja iendayo kwa wengi ni neema kubwa; yule mzee hangeweza kuhifadhi makasha yake bila hiyo. Lakini kadiri amri inavyowafikia wengi, ndivyo aitoaye apaswavyo kuwatazama mmoja mmoja kabla ya kuitoa, maana nyuma ya kila jina la manjano palikuwa na mkulima aliyepanda mlima na mzigo mgongoni.

Msimu uliopita nilirudi kiwandani kwetu jioni. Watu walikuwa wameinama juu ya magunia, na mashine ilikuwa bado kimya. Niliinama nami, nikaanza kuchagua.