Nyuzi Nilizomchagulia Mzee

Kwa msomaji wa pwani, nanga ni chuma kinachozuia chombo kisichukuliwe na mkondo. Kwetu sisi Wahaya nanga ni ala: kipande cha mti kilichochongwa kikawa mfano wa hori la kina kifupi, kisha juu yake ukapitishwa uzi mmoja mrefu, kwenda na kurudi, hata zikapatikana nyuzi saba au nane. Mpigaji huzidonoa nyuzi hizo kwa vidole huku akighani habari za wafalme, mashujaa na mapenzi yaliyoharibika. Wasomi wamekwisha kuzichunguza tenzi hizo, Profesa M. M. Mulokozi aliziandikia tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Mimi sikupita chuo. Nilijifunza kufasiri kwa kufasiri, na kosa ninalolieleza hapa ni la mwanzoni mwa kazi hiyo. Sikulitambua kuwa kosa mpaka uzi wa gitaa langu ulipokatika.

Katika miaka ya 1990, nikiwa kijana, nilisafiri kutoka Bukoba kwenda Muleba, mwendo wa kilomita 70 hivi kuelekea kusini, katika nchi iliyokuwa Ihangiro enzi za wafalme. Nilikuwa na redio ya kurekodia na kanda mbili tupu. Mzee niliyemwendea alinikaribisha kwa buni za kutafuna, kama ilivyo ada, kisha akaiteremsha nanga yake ukutani. Nikaona nyuzi zake zinang'aa. Ulikuwa mshipi wa nailoni, ule ule ambao wavuvi wa Ziwa Viktoria huutumia kwa sangara.

Moyo wangu ukaingia baridi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba nyuzi za nanga ni kano za ng'ombe, na kijana aliyesoma kidogo ni hakimu mkali.

"Tata," nikamwambia, "nyuzi hizi si za asili."

Akaniangalia kitambo. "Mwanangu, kano huliwa na panya."

Nikadhani ananifanyia mzaha. Nikarudi Bukoba, nikanunua kano machinjioni, nikampelekea. Mzee hakubishana nami. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alizianika kano zile, akazichana, akazisokota kwa siku tatu, mimi nikiwa nimeketi pembeni kama mtu anayesimamia ukarabati wa msikiti wa kale.

Ilikuwa masika, na masika ya kwetu si mchezo. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Kano hunywa unyevu wa hewa na kulegea. Mzee alipiga dakika chache, akasimama, akakaza. Na kwa kuwa uzi ni mmoja, ukiuvuta hapa jirani yake naye hubadilika, basi akirekebisha wa tatu, wa nne umekwisha kuharibika. Sauti yake, iliyozoea kuifuata nanga, ikawa inashuka nayo. "Leo nanga ina mafua," akasema akicheka. Aliukatisha utenzi kabla shujaa hajarudi kwao. Mimi nilifurahi. Juu ya kanda niliandika kwa wino mwekundu: Nyuzi za asili. Masika yaliyofuata hayakumkuta hai.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Muleba kwa jamaa zangu, uzi wa kwanza wa gitaa langu ulikatika siku nne kabla ya jioni moja mjini Bukoba ambapo nilikuwa nimeahidi kusoma tafsiri zangu nikijipigia mwenyewe. Gitaa langu ni la nyuzi za nailoni, lile lenye shingo pana na sauti ya upole. Dukani niliuziwa maneno kwamba uzi ni uzi, nikaoneshwa za chuma. Lakini uzi si uzi. Nyuzi sita za nailoni huvuta gitaa kwa nguvu ya kilo 40 hivi zikijumlishwa. Za chuma huweza kufika 70 na kupita. Daraja la gitaa kama langu limeshikwa kwa gundi juu ya ubao mwembamba, na mbao zinazouimarisha kwa ndani ni nyepesi. Ukitia chuma, ubao hubetuka, na daraja huweza kung'oka. Nikakataa.

Nilishuka Kemondo, nikaingia duka la zana za uvuvi. Mishipi ilikuwa imepangwa kwa unene, na kila kibandiko kina namba yake ya milimita. Uzi wangu uliokatika ulikuwa na unene wa milimita 0.71, wa pili huwa 0.82 hivi, na wa tatu huzidi milimita moja kidogo. Nikanunua mshipi wa 0.70. Nikaufunga kwenye daraja kwa mizunguko mitatu badala ya mmoja, maana nailoni tupu huteleza, nikauvuta kidogo kidogo. Siku mbili za mwanzo ulinyooka kila nilipougusa. Siku ya tatu ukatulia, ukaimba.

Tangu hapo nimejifunza zaidi. Sauti ya uzi huamuliwa na mambo matatu: urefu wake, mvuto wake, na uzito wake kwa kila pima. Uzi ukiwa mnene mara mbili, uzito wake huwa mara nne. Ndiyo maana kosa dogo la unene husikika. Nimejaribu pia mishipi ya florokaboni, ambayo ni mizito kuliko nailoni, hivyo hutosha ikiwa myembamba. Inaufaa sana uzi wa tatu, ambao kwa nailoni aghalabu husikika kama mtu anayesema akiwa na chakula kinywani. Lakini nyuzi tatu za besi hazina mbadala ziwani. Hizo ni nyuzinyuzi laini zilizozungushiwa waya mwembamba. Mshipi mtupu wenye uzito wa kutosha ungekuwa mnene mno, ukagonga badala ya kuimba.

Katika kusoma huko ndipo nilipokutana na habari iliyonisuta. Gitaa hili ninaloliita la nailoni halikuzaliwa na nailoni. Hadi miaka ya 1940 nyuzi zake nyembamba zilikuwa za utumbo wa wanyama. Vita vya Pili vya Dunia vikaufanya utumbo uadimike, kwa kuwa ulihitajika kushonea majeraha. Ndipo fundi Albert Augustine wa New York alipojaribu nailoni ya kampuni ya DuPont, na bingwa Andrés Segovia akaikubali. Huko visiwani mnaijua habari kama hii, kwani udi na gambusi nazo zimetoka katika utumbo zikaingia katika nailoni, na hakuna anayesema taarabu imekufa kwa sababu hiyo.

Basi yule mzee alifanya alilolifanya Segovia. Alitazama kilichopo, akakipima kwa sikio lake, akakichagua. Kano zilikuwa za asili kwangu mimi, niliyezisoma. Kwake asili ilikuwa utenzi ufike mwisho na shujaa arudi kwao.

Nikazifungua tafsiri zangu za zamani. Nikakuta nimemfanya mzee aseme Kiswahili ambacho hakuna aliyekisema Ihangiro wala Unguja kwa miaka mia mbili, maneno niliyoyaokota kamusini ili yanuke ukale. Kihaya chake kilikuwa cha nyumbani, chenye neno la kale pale tu lilipohitajika. Kwa mara ya pili nilikuwa nimemtilia kano, na safari hii hakuwapo wa kunionya habari za panya.

Sasa ninazifasiri upya. Neno la leo likibeba uzito ule ule kwa urefu ule ule, ninalitia. Lisipoubeba, ninalitafuta la kale, kama besi inavyodai waya wake.

Kanda siwezi kuifasiri upya. Ni sauti yake pekee niliyo nayo, na ndani yake anakaza, anakaza, anacheka. Kitabu kikitoka, dibaji yake itaanza kwa kusema kwamba nyuzi zinazosikika humo si zake, ni zangu. Na kwamba aliyezifunga alijua hazitafaa, akazifunga kwa heshima ya mgeni.