Injini Inayopanda na Kushuka Haijafa

Sisi tunaowaandikia ni familia saba tunaolima bustani moja bondeni huku Palma. Tulikuwa pamoja nanyi kambini mpaka tuliporudi nyumbani mwaka 2022. Wengi wenu mnajiandaa kurudi, na wengine tayari mna kijibustani hapo hapo kambini. Basi mwezi huu tumeona tuwape habari ya injini ndogo ya petroli, ile inayowaka vizuri halafu inaanza kupanda na kushuka, vuum, vuum, vuum, kama mtu anayehema.

Mnajua jinsi mambo yalivyokuwa. Tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, watu waliondoka na nguo walizovaa. Wengine walipita msituni, wengine walipanda mashua kwenda Pemba, wengine tulikimbilia Quitunda, karibu na Afungi. Nani angebeba injini siku ile? Mtu alibeba mtoto, mtu alimshika mama yake mkono. Motobomba yetu ilibaki nyuma ya nyumba, imefunikwa kwa makuti, na petroli ndani ya tanki.

Tuliporudi tuliikuta pale pale. Kamba ilikuwa imeoza, tukaibadilisha. Tukaweka oili mpya na petroli mpya. Tukavuta, ikawaka! Watoto wakapiga vigelegele. Lakini wapi! Haikutulia. Ilipanda mpaka ikalia, ikashuka mpaka karibu kuzimika, ikapanda tena. Maji kwenye bomba yalitoka kwa kurukaruka.

Hapo ndipo anapotokea mnunuzi wa chuma chakavu. Anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa, anasema, "Hii imekufa bwana, niuzieni kwa kilo." Kwa jirani zetu tumeona injini tatu zikiondoka namna hiyo. Na mtu aliyerudi hana kitu, pesa kidogo inamvuta. Lakini hesabu yake ni hii: wakati wa kusi, mvua zikishakatika, familia inayomwagilia kwa ndoo inamudu matuta machache tu, na anayebeba ndoo ni mama na binti yake. Yenye pampu inalima nyanya, bamia na kabichi, inakula na kuuza. Kwa hiyo anayeuza injini kwa kilo anauza msimu mzima.

Sisi tulibahatika. Mzee mmoja wa jirani, aliyezoea kutengeneza injini za mashua, alikuja akasikiliza, akacheka. Akasema, "Hii ina njaa tu." Haya tunayowaandikia tulijifunza kwake, kisha tumeyarudia kwa mikono yetu kwenye injini za majirani.

Kwanza muelewe kwa nini inahema. Injini hizi zenye silinda moja ni ndugu. Iko kwenye motobomba, iko kwenye jenereta, iko kwenye pawatila ndogo ya petroli na kwenye trekta dogo la bustani. Zote zina kitu kinaitwa gavana. Kazi yake ni kulinda mwendo. Si kitu kipya: James Watt aliifunga kwenye injini ya mvuke mwaka 1788. Mwendo ukishuka, gavana inafungua njia ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Mwendo ukizidi, inafunga. Sasa kama petroli inafika kidogo, injini inalegea, gavana inafungua zaidi, injini inapata shibe na kuruka juu. Gavana inaona mwendo umezidi, inafunga, njaa inarudi. Ndiyo hiyo vuum, vuum. Gavana haina kosa, inafanya kazi yake. Kosa mara nyingi liko kwenye chakula.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Injini ikiwa inahema, sogezeni choki polepole mpaka nusu. Choki inapunguza hewa, kwa hiyo petroli inazidi kwenye mchanganyiko. Kama injini inatulia hapo, mmeshapata jibu: petroli ni kidogo, au kuna hewa inayoingia pasipotakiwa. Kama inazidi kuharibika na kutoa moshi mweusi, hiyo ni shida nyingine, angalieni kwanza chujio la hewa kama limeziba.

Halafu mfuate njia ya petroli kutoka juu kwenda chini, bila kuruka.

Anzeni na mfuniko wa tanki. Una kitundu kidogo cha kuingiza hewa. Kikiziba kwa vumbi, petroli haishuki vizuri. Legezeni mfuniko injini ikiwa inawaka, msubiri dakika chache. Ikitulia, safisheni kitundu, kazi imekwisha.

Pili, petroli yenyewe. Huku kwetu gasolina tunainunua barabarani kwenye chupa za maji, na si mnajua, chupa nyingine haijakauka vizuri. Chukueni kidogo kutoka kwenye tanki, mtie kwenye chupa nyeupe, mwache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini, na mpaka wake mtauona kwa macho. Petroli iliyokaa muda mrefu nayo inabadilika harufu, inakuwa kali kama rangi ya mbao. Hiyo msiitumie.

Tatu, vueni mpira unaotoka kwenye tanki, mfungue koki, mkinge kwa kopo. Petroli itoke mfululizo. Ikitoka kwa matone, safisheni chujio na mpira. Na tafadhali, msivute petroli kwa mdomo.

Nne ndiyo kabureta, na hapa ndipo ugonjwa wa injini iliyoachwa. Petroli iliyobaki ndani inakauka mwaka baada ya mwaka, inaacha uchafu wa kahawia unaonata kama utomvu wa mkorosho. Fungeni koki, mfungue bolti ya bakuli la chini. Mle ndani mtakuta tope. Katikati kuna jeti kubwa. Kwa injini nyingi za aina hii kuna nyingine ndogo sana upande wa juu, ya mwendo wa chini, na hiyo ndiyo inayoziba mara nyingi. Tundu lake ni dogo mno, likiziba nusu tu, injini inahema. Litazameni kwenye mwanga: muone duara safi. Liloweni usiku kucha kwenye kikopo cha petroli safi, nje ya nyumba, mbali na watoto. Asubuhi mlisukume kwa unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, kisha mpulize kwa pampu ya baiskeli. Msitumie sindano wala waya wa chuma. Chuma kinapanua tundu, na likipanuka halirudi.

Tano, angalieni kabureta inapokutana na injini. Pale pana gasketi. Bolti zikilegea au gasketi ikichanika, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Kazeni bolti sawasawa, na gasketi iliyochanika ibadilishwe.

Mkimaliza yote hayo na bado inahema, ndipo mguse gavana, na mguse kwa macho kwanza. Huku pwani chumvi inakula springi na vifimbo vyake. Injini ikiwa imezimwa, sogezeni mkono wa gavana kwa kidole: uende na kurudi bila kukwama. Safisheni kutu, mtie tone la oili. Basi. Tumeona vijana wanafunga springi kwa waya au mpira ili injini "inyamaze". Kweli inanyamaza, lakini siku pampu ikikosa maji, hakuna wa kuizuia, itakimbia mpaka ivunjike ndani. Hapo ndipo itauzwa kwa kilo kweli.

Yetu ilikuwa ile jeti ndogo. Hatukununua kifaa hata kimoja zaidi ya kamba. Mchana wa siku ya pili maji yalifika tuta la mwisho, na mwaka huo tuliuza nyanya sokoni.

Wenye jenereta msikilize zaidi. Jenereta nyingi za kawaida huku zinatakiwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili umeme uwe sawa. Ikipanda na kushuka, umeme nao unapanda na kushuka, na chaja, taa na friji za samaki zinaungua. Msichomeke simu ya mtu kwenye jenereta inayohema.

Na usalama, hasa ninyi mlio kwenye mahema. Injini izimwe na ipoe kabla ya kufungua chochote, na waya wa plagi uvuliwe. Jiko la mkaa liwe mbali, sigara hapana. Mvuke wa petroli unatambaa chini na unafuata moto. Pia msiwashe injini ndani ya nyumba wala hema, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua mtu akiwa usingizini.

La mwisho ni la kila siku. Kazi ikiisha jioni, msizime kwa swichi. Fungeni koki ya petroli, mwache injini imalize kilichomo mpaka ijizime yenyewe. Ni dakika chache tu. Kabureta inabaki karibu tupu, na petroli haikai humo kuganda. Tunalisema hili kwa sababu siku ya kukimbia haitoi muda wa kufunga koki. Afadhali koki iwe imeshafungwa tangu jana. Tunaomba siku hiyo isirudi tena kwa yeyote kati yetu, lakini desturi hii haigharimu kitu.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mkifika nyumbani mkaikuta injini ya baba au ya kaka imekaa kwenye vumbi, msikimbilie kuiuza. Ivuteni, isikilizeni, jaribuni choki. Ikihema, ina njaa. Na kina dada, msikae pembeni: vidole vyembamba ndivyo vinavyofaa kwa jeti ndogo, na katika bustani yetu wasafishaji wa kabureta ni wanawake wawili. Mliopo kambini mkiwa na swali, mpeni mhariri atufikishie. Tunawasubiri huku. Matuta ya kuwapa yapo.