Miaka ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa

Watu wa mtaani kwetu Kigamboni hupenda kunisifu. "Mwalimu, una moyo," huniambia, wakimaanisha kwamba mwanaume mwingine angeshaondoka. Zamani sifa hizo zilinipendeza. Siku hizi nacheka tu, kwa sababu hesabu ya ndani naijua. Kilichomweka mke wangu hai tangu figo zake ziliposhindwa kazi si moyo wangu. Ni kadi ya bima, ni daraja, ni ndugu waliokubali kushika zamu, na ni ukaidi wake mwenyewe. Mimi nimo kwenye orodha, lakini si wa kwanza.

Alianza kuumwa 2014, au tuseme ndipo tulipojua. Presha alikuwa nayo tangu mimba ya kitinda mimba wetu. Alimeza vidonge alipojisikia vibaya na kuviacha alipopata nafuu, kama wafanyavyo wengi, na mgongo ulipomsumbua alinunua diklofenaki duka la dawa. Kisha akaanza kuamka uso umevimba. Jioni ikawa zamu ya miguu. Chakula kikawa na ladha ya chuma mdomoni, na usiku hakuweza kulala chali bila kutweta. Tulisema malaria, tukasema vidonda vya tumbo, na jirani mmoja akasema ni kijicho. Daktari alisoma kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha kama figo zinafanya kazi, akakisoma tena, kisha akamuuliza mke wangu kama amekuja na mtu. Ndipo nikaitwa ndani.

Miaka hiyo ukimtajia mtu figo, alijua njia mbili: India au kaburi. Upandikizaji haukuwa ukifanyika nchini, na mashine za kusafisha damu zilikuwapo Dar es Salaam lakini chache, na mikoani karibu hakuna. Tulipewa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, zamu ya alfajiri, muda wa saa nne kwenye kiti, damu ikitoka mwilini, ikipita kwenye chujio na kurudi. Kwa maisha yake yote, dokta alisema, au mpaka apate figo nyingine.

Asiyewahi kuuguza hudhani kazi iko hospitalini. Kwetu sisi miaka ile ya mwanzo kazi ilikuwa pantoni. Maji ya kuvuka kati ya Kigamboni na Magogoni si mapana, unamwona mtu wa ng'ambo akikupungia mkono, ila foleni haina huruma. Kwenda haikuwa tatizo. Alfajiri upepo ni wa baridi na yeye alikuwa bado na nguvu. Kurudi ndiko kulikuwa na shughuli. Mtu akitoka kwenye mashine presha huwa imeshuka, kichwa chepesi, misuli ya miguu inakaza ghafla na kumfanya apige kelele mbele za watu. Hapo umsimamishe kwenye jua la saa sita, katikati ya baiskeli za samaki na wachuuzi wa karanga, mkisubiri geti lifunguliwe. Alikuwa akinishika mkanda wa suruali kwa nyuma ili asianguke. Abiria wengine walidhani ananizuia nisitoroke, na yeye hakuwasahihisha.

Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016, wenzetu walizungumzia viwanja kupanda bei. Mimi nilizungumzia kiti. Kwa mara ya kwanza aliweza kutoka mlango wa hospitali hadi mlango wa nyumba yetu akiwa amelala kwenye kiti cha gari, madirisha wazi, bila kusimama popote isipokuwa pale pa kulipia. Njia ni ndefu zaidi kuliko pantoni na nauli ya gari la kukodi ilituumiza. Lakini tangu hapo alianza kurudi na nguvu ya kula chakula cha jioni. Hakuna dawa niliyomnunulia iliyomsaidia kama zile mita 680 za zege.

Kuhusu kadi, niseme wazi. Mimi ni mtumishi wa umma, na mwalimu hukatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mwajiri naye huongeza asilimia 3. Kwa miaka mingi niliyaona makato yale kama wizi wa kistaarabu. Nilikuwa naugua mafua tu. Leo nikihesabu kikao kimoja kwa laki mbili na ushei, ambayo ndiyo waliyokuwa wakilipa wasio na bima, vikao vitatu kwa wiki, naona kwamba mshahara wangu wote usingefika wiki ya pili.

Wasio na bima tuliwaona. Chumba cha mashine ni kama mtaa. Mkikaa zamu moja mnajuana watoto, mnajuana mpaka aina ya chai. Kulikuwa na baba mmoja fundi seremala, mcheshi, aliyekuwa akija mara tatu. Akaanza kuja mara mbili, akisema anajisikia vizuri. Nguo zikaanza kumbana kwa maji, huku mwenyewe akizidi kukonda usoni. Akaja mara moja. Aliuza msumeno wa umeme, kisha kiwanja. Siku moja kiti chake alikikalia mtu mwingine, na hakuna aliyeuliza. Mke wake alikuwa na moyo kuliko mimi, tena kwa mbali. Alichokosa ni kadi tu.

Jikoni ndiko nilikobadilika mimi. Mke wangu ni mtu wa pwani, amekulia kwenye nazi, na ugonjwa huu unakataza karibu kila kitu kitamu cha pwani. Figo iliyoshindwa haitoi potasiamu, na potasiamu ikizidi husimamisha moyo bila kubisha hodi. Basi dafu hapana, wala ndizi, parachichi, chungwa au tende. Mchicha uchemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe. Mihogo na viazi vikatwe vidogo, vilowekwe, vichemshwe, maji yamwagwe, vichemshwe tena. Ng'onda na dagaa wa chumvi visahaulike, kwani chumvi huleta kiu, na kiu ndiyo adui mkubwa: alipewa nusu lita kwa siku pamoja na kiasi cha mkojo anaotoa, na mkojo ulikuwa ukipungua mwaka hata mwaka. Dar es Salaam mwezi wa Februari, nusu lita! Alinyonya kipande cha barafu kama peremende, akakigeuza shavuni mpaka kiishe.

Mwanzoni yeye alikaa kwenye kigoda na kuniamuru, mimi nikipika. Watoto walicheka mchuzi wangu. Baadaye akawa anaamuru akiwa amelala chumbani, kwa harufu tu: "Mwalimu, kitunguu kinaungua." Baadaye tena hakuamuru. Sasa hivi mimi ndiye najua mchele umebaki kiasi gani, na yeye ndiye anayeshika fedha na ratiba na kubishana na watu wa bima kwenye simu, kwa sababu anajua majina ya dawa zake na mimi huyachanganya. Tulibadilishana kazi za nyumba bila kikao.

Ramadhani ilimuuma kuliko sindano. Dokta alimkataza kufunga, shehe akamweleza kwamba mgonjwa wa namna yake hutoa fidia, alishe maskini kwa kila siku anayokula. Fidia alitoa, lakini jioni aliona haya kukaa kwenye mkeka wa futari na watu waliofunga. Na futari yenyewe ni nini? Tende, magimbi, ndizi za nazi, maharage, yaani orodha ya makatazo yake imepangwa kwenye sinia. Mwaka wa tatu aliamua yeye ndiye atakayepakua. Alipakulia kila mtu, akajipa wali mkavu na kipande cha samaki, akakaa nasi.

Ndugu nao walipitia hatua zao. Mwaka wa kwanza nyumba ilijaa. Mwaka wa pili walipiga simu. Mwaka wa tatu akaja shangazi yangu na rai. "Mwanangu, sikuambii umwache. Oa mwingine, wasaidiane." Alisema kwa sauti ya chini, lakini nyumba yetu ina dari ya matundu. Kutoka chumbani tukasikia: "Mlete, shangazi. Ila aje na kadi yake ya bima, hii yetu imejaa." Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ushungi, na ile habari ikaishia hapo. Kadi kweli ilikuwa imejaa. Inachukua mwenzi na wategemezi wanne.

Nilichowaomba ndugu baada ya hapo hakikuwa fedha. Niliandika zamu kwenye karatasi ya kalenda, nikaibandika ukutani. Shemeji yangu alichukua Jumatatu, mimi Jumatano, mtoto wetu wa pili Ijumaa. Mama mkwe alisema mke kupelekwa na mtu mwingine wakati mume yupo ni aibu. Nikamjibu kwa heshima kwamba mume akianguka kwa uchovu, mama, hakutakuwa na wa kumpeleka kabisa. Nadhani karatasi ile iliokoa ndoa. Jumatatu na Ijumaa nilirudi kuwa mwalimu wa jiografia, na jioni nilikuwa na kitu cha kumsimulia ambacho si ugonjwa.

Mwili wake nao ulibadilika, na macho yangu yakajifunza upya. Mpira wa shingoni wa miezi ile ya kwanza, uliokuwa ukimletea homa za kutetemeka, uliondolewa baada ya mshipa kuunganishwa kwenye mkono wa kushoto, ateri na vena pamoja, upanuke na kuvumilia sindano nene. Mkono huo haubebi ndoo, haupimwi presha, hauvai bangili. Ukiugusa unatetema, na yeye huukagua kila asubuhi kabla ya kusalimiana na mtu: ukitetema, siku imeanza vizuri. Bangili zake za dhahabu alizihamishia mkono wa kulia, zote, akawa analia kama punda wa arusi akitembea. Ya chumbani nayaacha chumbani. Nitasema tu kwamba uchovu una ratiba, na wenye ndoa wakiijua ratiba hawakosi nafasi.

Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini, ikisaidiwa na madaktari kutoka India. Machi 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kumbe kulikuwa na njia ya tatu. Mimi nilitaka kutoa, damu zikakataa. Yangu ni A, yake ni O. Mtoto wetu wa kwanza alifaa na alikuwa tayari. Mama yake akakataa. "Presha iko kwenye ukoo wetu," alisema. "Nikichukua yake leo, kesho akihitaji yeye atamwomba nani?" Madaktari walimweleza kwamba mtoaji hupimwa sana na huweza kuishi vyema na figo moja. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, akarudi kwenye mashine yake. Tuligombana miezi. Mpaka leo sikubaliani naye, na nimeacha kumwambia.

Siku hizi vitengo vya kusafisha damu vimeongezeka, hata mikoani, na yeye amehamia kilicho karibu zaidi. Jumatano huenda mwenyewe kwa bajaji, akiwa na shuka yake na redio ndogo. Mimi nimeambiwa nisimsindikize bila sababu.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Nitaiamini nitakapomwona seremala mwingine amekaa kwenye kile kiti mara tatu kwa wiki bila kuuza msumeno. Kwa sasa namwomba msomaji mambo mawili. Pima presha yako wiki hii, na ikiwa juu omba na kipimo cha kreatinini, hata kama hujisikii kuumwa. Na kama uwezo upo, ingia kwenye bima ukiwa mzima, wewe na mwenzio.