Mlima Unaolisha Mji

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku viumbe vyake. Ndugu wasomaji, mgeni afikapo Moshi huinua macho kuutazama mlima wa Kilimanjaro, wenye kimo cha meta 5,895, akastaajabia barafu yake. Sisi twawaomba, wazazi kwa vijana, myateremshe macho mpaka chini ya msitu, kwenye mashamba. Kwani hapo ndipo ilipo riziki ya watu wengi.

Asubuhi katika soko la Mbuyuni twaliona mikungu ya ndizi imepangwa chini: mchare wa kupikia mtori, ambao ni chakula cha mama mzazi, na kisukari ya kuliwa mbivu. Kando yake yalikuwapo maharage, magimbi na parachichi. Tukaishika njia ya Kibosho ili tuone vyakula hivi vyatoka wapi.

Huko juu nyumba nyingi zimezungukwa na shamba la wenyewe, nalo huitwa kihamba. Miti mirefu huipa migomba kivuli, migomba huikinga mibuni ya kahawa, na chini yake hustawi maharage na magimbi. Ng'ombe hukaa zizini, hulishwa majani na vigogo vya migomba, na samadi yake hurudi mashinani. Hapana kinachotupwa. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua utaratibu huu, katika kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa ni urithi wa kilimo wa dunia. Wako wapikao pombe kwa ndizi hizo. Pombe ni haramu, lakini mgomba hauna lawama.

Ama maji, wengi hudhani yatoka kwenye barafu ya kileleni. Sivyo, sehemu kubwa yatoka msituni, ambako mvua hunyesha sana na miti hunasa ukungu. Wazee walichimba mifereji, iitwayo mifongo, ikafuata miteremko kutoka mitoni mpaka mashambani. Maji hugawiwa kwa zamu, na wenye mfongo hutoka pamoja kuusafisha na kuutengeneza unapobomoka. Afunguaye maji nje ya zamu yake amemnyima jirani chakula.

Kwa umoja wa namna hiyo hiyo kahawa nayo ilileta neema. Wamisionari waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha za kahawa zilisomesha watoto wengi, na mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi. Nanyi tazameni hekima ya wazee: hawakuing'oa migomba ili wapande kahawa, bali waliiweka mibuni chini ya migomba. Serikali ilipovivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na bei ya dunia ilipoanguka mwaka 1989, fedha zilipungua, lakini chungu hakikukosa ndizi.

Leo hatari ni nyingine. Kihamba kimegawanywa baba kwa mwana mpaka kimekuwa kama ua wa nyumba. Vijana huteremka mjini, wengine wameng'oa mibuni, na baadhi ya mifongo imekauka kwa kukosa wa kuizibua. Na mji haukuacha kula! Je, nani atakayeulisha, ikiwa kila mtu ataka kununua na hapana atakaye kulima?

Basi yatupasa kutenda. Enyi wazazi, wapelekeni watoto shambani siku za likizo, washike jembe na kuzibua mfongo pamoja na jirani, awe Mwislamu au asiwe. Mwenye kuvuna nafaka iliyofikia nisabu aikumbuke zaka yake wakati wa mavuno: sehemu moja ya kumi ikiwa imemea kwa mvua, na nusu ya hiyo ikiwa imenyweshwa kwa gharama na taabu. Nawe kijana, usiuonee haya udongo ulio miguuni mwako, kwani elimu na jembe havigombani. Msomi naye hula, na chakula chake kimelimwa na mtu.

Mwenyezi Mungu aubariki msitu, maji na mikono ilimayo. Amin.